Mshono wa Eustadia

Jumatatu, 31 Mei 1954

Ukuta wa kaskazini umefika kwenye madirisha. Umenyooka — nimepima kwa kamba mara tatu. Mgongo unauma, mikono imepasuka kwa udongo. Miaka minne nilibeba mataruma ya reli pale Tura, hakuna aliyesema asante. Hapa masista wanajenga darasa la kushona, na leo Sista Pelagia amesema mbele ya watu: Dionis ana jicho. Jicho! Mimi niliyeishia darasa la tatu kule Uluguru.

Wasichana ni kumi na wanne. Yatima, waliofukuzwa kwao, mmoja kiziwi. Kwa sasa wanashonea chini ya paa la nyasi, vyerehani vitano. Wameagizwa magauni kumi na mawili meupe ya watoto wa kijijini watakaopokea Komunyo ya kwanza sikukuu ya Ekaristi, tarehe 17. Anayeyashona ni Eustadia. Aliugua ukoma, akapona, cheti cha daktari anacho, ila mkono wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Kitambaa anakisukuma kwa kiganja. Mshono wake huoni ulipoanzia. Shati langu hili la amerikani kashona yeye. Nikilivaa najiona karani.

Alhamisi, 3 Juni

Ulikuwa utani tu. Eustadia Mnyamwezi, mimi Mluguru. Tangu enzi za misafara hawa ni watani zetu. Tunatukanana na hakuna kununa. Asubuhi alipita na ndoo. Nikamwambia, we Mnyamwezi, vile vidole viwili ulivila ukidhani ni matobolwa, vile viazi vyenu vikavu? Akajibu bila kugeuka: Nilivikata nikuunge mguu, Mluguru, maana watu wa mlimani mguu mmoja mfupi! Nilicheka mpaka mwiko ukanitoka.

Sikumwona Mama Raymundi nyuma ya rundo la matofali. Alikuja kuangalia gauni la binti yake. Huyu ndiye anaongoza akina mama wa kijiji. Akikohoa yeye, wote wanakohoa. Hakuwahi kujua nani anashona. Akautazama mkono wa Eustadia. Akaondoka bila kuaga.

Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 5 Juni

Wameyakataa. Yote kumi na mawili. Katekista Alois ndiye aliyeleta habari, anazungusha kofia mikononi. Akina mama wanasema mtoto haendi mbele ya Bwana amevaa ukoma. Sista akauliza, na cheti cha daktari? Alois akajibu, nimewaonyesha, Sista. Wamesema karatasi haina ngozi.

Sista hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nilimwendea Eustadia, nikamwomba radhi. Akaniambia, utani hauombewi radhi, we vipi? Kisha taratibu: yasipovaliwa sikukuu hii, narudi kambi ya wakoma kulima. Mahindi hakuna anayeuliza nani kayapalilia.

Jumapili, 6 Juni. Pentekoste

Nimefanya jambo. Baada ya Misa Mama Raymundi alitoka kanisani na mwavuli mpya, mweusi. Nikamnyang'anya! Mtani akikushikia kitu lazima ukomboe, hata chifu hukomboa.

— Lete mwavuli wangu, kima wa mlimani!

Nikasema mwavuli umekamatwa. Wazee wa Kinyamwezi wenyewe wakamcheka: umeshikwa, mama, komboa! Akasema atanipa kuku. Sitaki kuku. Pombe basi, pua yako inaomba. Watu hoi. Sitaki pombe. (Nilitaka.) Nikamwambia ukombozi ni mmoja: uje mwenyewe ulipokee gauni kutoka mkononi mwa Eustadia.

Kicheko kikakatika.

Nikageuka nikawaonyesha mshono wa mgongoni. Shati hili kashona yeye, nimelitolea jasho tangu Pasaka. Njooni mnihesabu vidole! Mzee mmoja alihesabu kweli, kimoja kimoja. Kumi.

Mama Raymundi akasema, utani una mpaka wake, Mluguru. Akaenda zake juani.

Jumanne, 8 Juni

Mama Raymundi hakuja. Nimebeba madebe thelathini ya maji. Udongo.

Ijumaa, 11 Juni

Hakuja. Sista Pelagia ameyapiga pasi magauni, akayatundika kwenye kamba kando ya barabara. Meupe, kumi na mawili, kila apitaye ayaone. Hatufichi kazi yetu kama mali ya wizi, amesema. Wasichana walisimama kando yake wakinyoosha shingo. Na mimi, na udongo wangu, nilinyoosha.

Lakini Eustadia ameomba jembe. Yuko kwenye bustani ya mboga. Nikamchokoza: Mnyamwezi gani anapinda matuta hivyo? Akaendelea kulima tu. Hajawahi kukosa la kunijibu.

Jumatano, 16 Juni. Mchana

Naandika nimekaa juu ya matofali. Amekuja! Mama Raymundi na bintiye Nyamizi, na wanawake wengine nyuma yao. Mimi hakunisalimu. Alimsalimu Sista, Tumsifu Yesu Kristo, akasema: nimekuja kukomboa. Babu yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo na hakuacha kitu mikononi mwa mtani.

Sista akamwita Eustadia kutoka bustanini. Akaja. Akanawa mpaka viwikoni, mbele ya wote, bila haraka. Akamvika mtoto gauni. Refu! Linaburuta. Nikajua yamekwisha.

Mama Raymundi akasema, lipunguzwe. Wapi, mama? Hapo. Kidole amenyoosha, mguu hausogei. Eustadia akapiga magoti, pini mdomoni, akakunja pindo kwa kiganja. Nyamizi akamshika bega asiyumbe. Mama yake aliona.

Akauliza kwa ukali, na huu mshono wa kola umefanyaje usionekane? Eustadia, pini bado mdomoni: hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama.

Sasa cherehani kinalia, na mwavuli nimemrudishia mwenyewe. Nimejivuna hadi kifua kinauma. Eustadia si mwanangu, wangu wako Uluguru, lakini nimejivuna.

Wanawake wengine wamesimama barabarani, chini ya kamba yenye magauni kumi na moja. Hawaingii, hawaondoki. Sista ananiita, udongo unakauka. Ngoja kidogo — mmoja ametua kikapu chini.