Mama Apewa Kibondo

Kasulu, Jumapili

Kaka Castory,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika. Huku wazima, maharage yamekubali.

Jana tulitegeana vitendawili na watoto. Mama akatega kimoja, kikatushinda wote.

“Nipeni mji,” akasema.

Tukampa Dodoma, akakataa. Nikampa Kibondo, kwa kuwa ndiko uliko.

“Haya, nimefika Kibondo. Nimebisha kwa Castory, akafungua mpangaji mgeni. Anasema alihama zamani.”

Watoto wakacheka. Mama hakucheka, wala jibu hakutoa.

Sasa sielewi kama ule ulikuwa mchezo. Wiki jana aliaga anakwenda Titye kwa shangazi, na shangazi anasema hakumwona.

Barua hii naituma Kibondo vilevile, kaka. Sina mji mwingine wa kukupa.

Mdogo wako,
Evaline