Nguvu Iliyozidi

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Karuba maharagwe yameiva, nami napumua kwa shida. Unauliza kwa nini upimwe damu tena, ilhali vidonge vya rovu, ule uvimbe wa shingoni, vimekupa nguvu. Niliwaficha wote jambo hili: wakati wa Wabelgiji, baada ya kupasuliwa rovu, nami nilivimeza. Usingizi ulionilemea tangu kupasuliwa ukaisha. Nililima kwa kasi, mama mkwe akacheka: "Sasa njo tuko na muke!" Nikaacha kwenda kupimwa.

Siku moja moyo ulienda mbio, nikaanguka shambani. Nikapelekwa zahanati; muuguzi alihesabu mapigo yangu, akakata kidonge katikati.

"Papa, utamurudisha mu usingizi!" mama mkwe alimlilia muuguzi.

"Mama, hii haiko nguvu. Dawa imezidi, moyo yake inachoka."

Nilitii, nikameza nusu, moyo ukatulia. Mwaka uliofuata nikamzaa mama yako. Toa damu, mjukuu wangu, waone kama dawa imezidi.

Koko wako