Vidonge vya Pande Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Chai, halafu kidonge cha hospitali ya Tororo. Dawa ya kifafa, ati, na mimi sijaanguka hata siku moja. Ni ya kutuliza kichwa changu kinachopanda na kushuka. Hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, hakuna muuza viatu vya mitumba anayenishinda mdomo. Nikifika chumbani, kimya. Mke wangu Athieno yuko kwao Nagongera tangu siku ile nilipogawa bure viatu vyote vya kibanda, huku nacheka. Alisema atarudi nikitulia.

Jumatano, 5 Machi
Nimevuka upande wa Kenya. Daktari mwingine, kidonge kingine cha kichwa hichohicho, lamotrijini. Aliuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Mtu wa mpaka anakula pande zote. Nikitulia upesi, Athieno anarudi upesi. Nani mjanja kama mimi?

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikwenda. Kizunguzungu. Kikombe mezani naona viwili. Nikasema cha Athieno kimerudi. Nikacheka peke yangu.

Jumanne, 18 Machi
Vipele kifuani na shingoni. Midomo inawaka. Nimekwenda Tororo, nikaweka pakiti zote mbili mezani kwa sista.
"Mzee wangu, hii nani alikupa?"
"Wakenya, sista."
"Na hii yetu uliwaambia?"
Nikatazama dari.
Akanieleza. Ini ndilo linalovunja dawa ili itoke mwilini. Ya Tororo inalizuia ini lisivunje ya Kenya haraka, basi ya Kenya inajazana kwenye damu. Nikasema, kama malori yaliyokwama forodhani. Hakucheka. Akasema vipele vya namna hii vinaweza kubambua ngozi, hata kuua. Cha Kenya kimesimamishwa leo leo. Nimelazwa. Mgonjwa wa jirani anauguzwa na dada zake watatu. Mimi nauguzwa na mfuko wa viatu. Sista akauliza apigiwe nani. Nikatoa namba ya Athieno. Naogopa.

Jumamosi, 22 Machi
Homa imeshuka. Athieno kapiga simu. Kauliza, vipele vimekwisha? Ulimi ulishakuwa tayari: vimekwisha, mimi chuma! Nikasema bado, shingoni vipo. Nikasema na vidonge nilimficha daktari.
Hakukata simu. Kwa mbali nikasikia kuku wa kwao. Tukakaa hivyo mpaka simu yangu ikaisha chaji.