Neno Nililomwambia Mama Kwenye Simu

Mtwara

Mke wangu Mama Zuhura,

Mwakeye. Natumaini mmeamka salama na jino la Zuhura limetulia. Mimi ni mzima, korosho zimeanza kuingia ghalani na tunashinda tukipakua malori. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanijibu "sawa" tu, na hiyo sawa yako naijua.

Dada Amina amenisimulia yote. Mama aliponipigia kuuliza kama nakubali ugombee uenyekiti wa mtaa, nilidhani yuko peke yake. Wenzangu walikuwa wameshinda wakinitania kwamba nikirudi Bangwe nitakuta nimekuwa mke wa mwenyekiti. Nikaudhika, nikamwambia, "Mwambie aache. Mke wangu hawezi kushinda vikaoni na wanaume." Kumbe alikuwa kwenye arobaini ya jirani, na kwa masikio yake yale simu huwa anaiweka spika. Mkeka mzima ukasikia.

Sasa wapambe wa mpinzani wako wanapita nyumba kwa nyumba: "Hata mumewe hamtaki, nyie mnamtakia nini?" Na wanawake uliowapigania wasinyang'anywe eneo la kuanikia dagaa wanakukwepa. Naona aibu, mke wangu. Watu wale walihangaika kutafuta kasoro yako wakaikosa, nikawapa mimi, tena bure.

Nimeomba ruhusa nije nisimame nawe kwenye mkutano, bosi amekataa mpaka msimu uishe. Nikafikiri nikuandikie barua kwamba nakuruhusu, ukawasomee. Nikaanza, nikaichana. Huyo mpinzani wako ana mke, na sijasikia mtu amemuuliza mkewe anasemaje. Mama nimempigia, nikamwambia nilikosea na awaambie watu hivyo. Akanijibu, "Mwanangu, waliosikia wameshatawanyika."

Mpe mama shikamoo yangu, usimnunie, yeye hana kosa. Msalimie Dada Amina, amenisema mpaka nikakosa pa kuficha uso. Zuhura mwambie akufuate kwenye mikutano, akae mbele akuone.

Kura ni wiki ijayo. Ukishinda, nitajua umeshinda huku umenibeba na mimi mgongoni. Ukishindwa, nakuomba usinipigie kunifariji. Najua ulivyo, utataka kunifariji.

Mumeo aliyekuponza,
Baba Zuhura