Mkate wa Mama na Matumbo Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Jamani, ugonjwa wangu una jina! Siliaki. Miaka yote hii ya kuvimba tumbo na kukimbilia choo, kumbe si minyoo, si husuda za watu, wala si "mawazo" kama alivyosema yule daktari wa kwanza. Ni ngano! Kuna kitu ndani yake, gluteni, kinanichubua utumbo. Dawa hakuna. Ni kuacha tu — kabisa, hata chembe.

Nilicheka mpaka daktari akauliza kama niko sawa. Niko sawa wapi? Mimi binti wa mwoka mikate! Tanuri la Mama liko nyuma ya nyumba, dirisha la kuuzia liko mbele, nami nimelelewa hapo katikati.

Nikamweleza kuwa Mama naye ana tumbo hilohilo, na damu yake haipandi, vidonge vya kuongeza damu anameza mwaka nenda mwaka rudi. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Nimlete apimwe, nisichelewe, maana ukiachwa hivihivi unakula mpaka mifupa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia. Lo!

Alikuwa anakanda, na hakuacha kukanda. Mkate wake umesomesha watoto wawili, umeezeka nyumba, leo uwe sumu? Huyo daktari kwake wanakula mawe? Nikasema na wewe unatakiwa ukapimwe. Akabamiza donge mezani, pu! Tumbo lake analijua mwenyewe, ni la ukoo, hata marehemu bibi alikuwa nalo.

— Si ndiyo maana, Mama!

Kaka yangu alikuwa mlangoni na kreti za mikate, akajifanya anazipanga upya. Mwoga yule.

Ijumaa, 7 Machi

Maisha mapya. Kwenye tanuri sikanyagi tena. Nauza dirishani tu, mikate ikishafungwa kwenye mifuko, barakoa usoni kama daktari wa upasuaji. Sufuria zangu nimezifunga utepe mwekundu, na ole wake atakayezigusa. Asubuhi viazi, mchana wali, jioni wali na viazi ili kubadilisha. Kaka ananiita Bibi Mchele.

Tumbo limetulia. Sijazoea! Nalisikiliza kama mtoto aliyenyamaza ghafla chumba cha pili.

Mama bado amenuna. Nikitaja hospitali anakumbuka kazi.

Jumapili, 16 Machi

Mama kaniokea mkate! Unga wa mchele, mayai, ndizi mbivu. Kauoka kwenye jiko la ndani, mbali na tanuri, bila kuniambia. Mfupi, mzito, umepasuka katikati — na mtamu! Nimekula nusu nzima nikiwa nimesimama. Nilitaka kulia. Siku zote hizi nilidhani kanikasirikia, kumbe alikuwa anawaza ataniokea nini.

Jumatatu, 17 Machi

Choo. Kitanda. Choo. Basi, siandiki tena.

Jumatano, 19 Machi

Upelelezi umekamilika.

Mama kaapa hakutia ngano hata punje. Bakuli jipya, mwiko mpya, kopo la kuokea jipya. Nikamwambia aoke tena mbele ya macho yangu. Akapima mchele, akavunja mayai, akaponda ndizi, safi kabisa, huku ananisimulia mteja aliyemkera. Kisha, kabla ya kumimina, mkono ukaingia wenyewe kwenye mfuko wa aproni, pale anapoweka unga wa ngano wa kunyunyizia tangu sijazaliwa, ukachota, ukanyunyiza kopo ili mkate usigande. Hata hakutazama!

— Mama! Mkono!

Akautazama kana kwamba ni wa jirani. Tukacheka, tukashika mbavu, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Eti amemlisha mwanawe sumu. Nikamwambia ni mazoea tu, Mama, nani angejua? Hakutaka kusikia. Akaapa: kuanzia leo, nisichokula mimi na yeye hali. Kuoka ataoka, kuuza atauza, lakini kinywani mwake hakiingii.

Nikasema ningefurahi zaidi angekwenda kupimwa. Akasema nisimchoshe. Kaka naye kasema Mama hamalizi wiki.

Jumanne, 8 Aprili

Kamaliza, tena anaendelea! Na mambo ninayoyaona mimi si ya kawaida. Jana kabeba kreti mbili mpaka dirishani bila kukaa chini kupumua. Vidonda vya mdomoni vimepona. Anaimba! Sauti ileile mbaya, Mungu amsamehe.

Leo akanivuta pembeni. Tumbo halivimbi tena mchana, akaninong'oneza. Kumbe watu wengine huishi hivi? Nikasema twende basi. Akafikiri kidogo, akasema Alhamisi. Mwenyewe! Nikambusu shavuni, akanifukuza na kitambaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama kaenda hospitali na viatu vya sherehe. Daktari alipomwuliza anakula nini siku hizi, akajibu kwa majivuno: ngano hajaitia kinywani tangu mwezi uliopita! Alisubiri kupongezwa.

Daktari akajishika paji la uso. Mtu aliyeacha ngano hapimiki, kipimo hakionyeshi kitu. Inabidi arudi kula mkate kila siku, wiki sita, ndipo apimwe. Wiki sita! Na sisi tungeuliza mapema, lakini nani katika nyumba hii huuliza kwanza?

Nikasema si aendelee tu hivi alivyo, amepona? Daktari akakataa. Damu kupungua kuna sababu nyingi, nyingine mbaya zaidi, haifai kubahatisha.

Mama akauliza swali moja tu. Na mkinikuta nao? Basi utaacha moja kwa moja, daktari akasema, na tanuri itabidi umwachie mtu mwingine, maana ule unga unaupumua na kuumeza kutwa.

Njia nzima ya kurudi kavua viatu vya sherehe, kavibeba mkononi. Mama yangu! Njia nzima!

Jumapili, 13 Aprili

Leo ndiyo siku aliyoichagua kuanza zile wiki sita. Kaoka alfajiri kama kawaida, akaleta mkate ndani, akakata kipande chake, akapaka siagi, akakaa. Mimi upande wa pili wa meza na viazi vyangu. Kaka kamwaga chai mara mbili kwa wasiwasi.

Kipande kimekaa tu kwenye sahani. Nikajaribu utani: vipi, Mama, mpishi kakosea leo? Akatabasamu kidogo.

Mteja akagonga dirishani, kuna wa leo? Mama akapaza sauti, ileile ya biashara: wa leo leo, mwororo, chukua miwili! Kaka akaenda kumhudumia. Mama akashika kipande, akakiinua, akakirudisha.

Halafu akaniambia, chinichini, mwanangu, naogopa. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, hata tulipomzika Baba. Nikadhani ni tumbo. Akatikisa kichwa. Tumbo nimelivumilia miaka yote hii, akasema. Lakini wakinikuta nao, asubuhi nitaamkia nini?

Mimi, msemaji wa nyumba, nikazunguka meza. Nilimshika bega tu. Nilitamani kumwambia tuache, tusijue, tule viazi mpaka tuzeeke. Nikajizuia. Nataka azeeke kweli.

Sasa amenifukuza, nile viazi vyangu nisimkodolee macho. Kwa hiyo naandika, ili nisimtazame. Dirishani wamefika wengine wawili, namsikia kaka akitafuta chenji. Siagi yote imeshazama kwenye kipande chake.

Amekishika tena. Anakinusa. Kafumba macho —