Fyuzi na Jicho la Zuhura

Jumatatu, 3 Novemba
Keki ya tatu imeiva, ya nne imelala. Fyuzi ya ekstensheni imeungua tena. Harusi ya Rukia ni Ijumaa, na mimi mamake nimejaa unga hadi puani. Zuhura ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupiga pasi nguo za bibi harusi. Mama mkwe akaitazama fyuzi, kisha akamtazama Zuhura. Mtazamo wake ule haujawahi kuleta heri.

Jumanne, 4 Novemba
Imeungua tena. Zuhura tena. Akiingia, umeme unatoka. Alipoondoka, mama mkwe kasema wazi: "Zuhura ana mato mabaya, jicho lake laharibu. Siku ya harusi asiitwe."
Zuhura! Jirani yangu wa ukuta mmoja, tuliyesoma naye Kurani. Nimekasirika. Kibaya zaidi, nimehesabu. Kweli kila akija inaungua.

Jumatano, 5 Novemba
Mume wangu kaitoa fyuzi, katia karatasi ya fedha ya sigara. Haikuungua. Ulioanza kuungua ni waya. Harufu ya plastiki mpaka darini, na nyumba zetu zilivyobanana, mtaa mzima ungekwenda. Nimechomoa kila kitu. Nimempa maneno yake. Nimenunua waya mpya na fyuzi mbili, ampea kumi na tatu.
Kisha nimegeuza vyombo, nikasoma migongoni. Oveni, wati 2000. Birika la umeme, 2000. Pasi ya Zuhura, lile dude la mvuke aliloliacha kwetu, 2200. Gawa kwa volti 240. Oveni peke yake ni ampea nane na kitu. Vyote vitatu kwenye ekstensheni moja, karibu ishirini na sita. Mara mbili ya fyuzi!
Na birika tunaliweka lini? Zuhura akija. Tunamkaribisha kwa chai, halafu tunamwita hasidi. Nimecheka peke yangu, kisha nikaona haya.

Alhamisi, 6 Novemba
Asubuhi, Zuhura yuko kwake, niliwasha vyote vitatu mbele ya mama mkwe. Tukakaa tukitazama kama watu wanaongoja mwezi wa Idi. Ikaungua.
Alasiri Zuhura akaja. Fyuzi ya pili. Chai ya chupa, oveni nimeizima, pasi peke yake. Alimaliza nguo zote. Mama mkwe akashika tasbihi yake. Usiku nimeirudia keki ya nne, imeumuka vizuri, alhamdulillahi.

Ijumaa
Sina nafasi ya kuandika. Mama mkwe mwenyewe kabisha hodi kwa Zuhura: "Ndoo kwetu umpambe mwanao Rukia."

Jumapili, 9 Novemba
Nyumba imepwaya bila Rukia. Nimelia kidogo, basi. Zuhura hajui alisemwa nini, wala sitamwambia.
Leo kaja kuchukua pasi yake, nami naoka mkate. Mama mkwe aliposikia hodi, aliinuka kwa magoti yake mabovu, akazima oveni. Kisha akamwekea mgeni birika.