Mwanangu Analia Bila Machozi, na Chupa ya Mama Mkwe Nimeificha Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamvunja moyo mtu ambaye sina cha kumlipa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na wiki kumi zilizopita nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na miezi saba tu, njiti kabisa, na baada ya kupasuliwa nikashikwa na homa nikawa sijijui, na aliyembeba mwanangu kifuani kutwa nzima, ngozi kwa ngozi kama manesi walivyoelekeza, ni mama mkwe wangu, yuleyule niliyekuwa nikimsengenya kwa dada zangu kwamba ana maneno mengi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka miguu ikamvimba. Nilipopata nafuu alinikabidhi mtoto akasema, "Mpokee, mama, nilikuwa nakushikia tu." Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nalia.

Sasa shida ni kwamba mtoto mwenyewe analia bila machozi. Wifi yangu alijifungua wiki hiyohiyo, wa kwake alitimiza miezi, na sasa akilia mashavu yanalowa, lakini wangu anakunja uso, anapiga kelele mpaka majirani wanajua, na macho makavu. Mama mkwe roho haimtulii. Ana chupa ya dawa ya matone aliyopewa alipotolewa mtoto wa jicho, anasema ndiyo iliyomrudishia nuru, akaamua amtie na mjukuu. Mimi nikaona nitamkataliaje mtu aliyeninusuria mwanangu, basi alipokuwa anaoga nikaitoa chupa kwenye mkoba wake nikaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi. Tangu hapo anaitafuta, amemwaga mkoba kitandani, amepekua mpaka mfuko wa vitambaa, na jana nikiwa napiga pasi gauni la mteja, mtoto amelala kwenye kikapu kando yangu na feni inatupulizia sote kwa ajili ya joto, akakaa chini akasema, "Akili inanitoka, mwanangu. Labda hata huyu mtoto nisiachiwe tena." Nikainamia pasi, nikaendelea na gauni. Baba mtoto nimemweleza, akasema mambo yangu na mama yake yeye hayumo. Na mama ameshasema Jumamosi anakwenda duka la dawa kununua nyingine. Nifanyeje?

Fundi Mwoga

Fundi, kwanza hongera ya mtoto. Halafu ukae vizuri, maana nitakusifu kidogo na kukufokea zaidi kidogo.

Kuzuia matone hayo umefanya sawasawa. Dawa ya mtu mzima aliyepasuliwa jicho haiingii kwenye jicho la mtoto mchanga, hata ikiletwa kwa upendo wa namna gani. Na kuhusu machozi, shusha pumzi. Karibu watoto wote huanza kwa kulia kikavu. Jicho huwa na unyevu wake wa kulilainisha, lakini machozi ya kutiririka shavuni huja baada ya wiki kadhaa, wengine miezi, na njiti huchelewa zaidi. Usimpime kwa mtoto wa wifi yako. Yule alitimiza miezi tumboni, wako kwa hesabu yake ndiyo kwanza angekuwa anazaliwa.

Sasa nikufokee. Umeniandikia habari za chupa weee, halafu feni ukaitaja kwa kupita tu. Mtoto mwenye machozi machache umemlaza kwenye chumba cha kushonea, vumbi la vitambaa linaruka, na feni inampuliza usoni! Jicho la njiti hukauka upesi, na likiingiwa na kitu huenda lisitoe machozi ya kukushtua. Hamisha kikapu leo hii.

Kabla ya Jumamosi mpeleke kliniki. Njiti huhitaji kupimwa macho hata kama yanaonekana mazima, na kama bado hajapimwa, waambie hivyo mlangoni. Ukiona jicho jekundu, lina usaha au ukungu, au mtoto hanyonyi, mkojo umepungua, utosi umebonyea, usingoje siku ya kliniki, nenda saa hiyohiyo.

Limebaki la mama mkwe, na hili si dogo. Mwanamke aliyemtunza mwanao kwa joto la kifua chake, wewe umemwacha aamini kwamba hafai tena kumshika. Hiyo si heshima, fundi, ni woga. Shukrani haikuzuii kusema hapana. Kabla hujakata kitambaa cha mtu leo, fungua droo, mpe chupa yake mkononi, umwambie, "Mama, niliichukua mimi. Niliogopea macho ya mtoto, nikaogopa na kukuudhi. Akili yako nzima." Atanuna. Mwache anune, ana haki. Akimaliza, mwombe mwende wote kliniki, yeye ndiye ambebe mtoto, na chupa aende nayo amwulize daktari mwenyewe. Baba mtoto naye aje ashike mkoba, asituletee habari za hayumo.

Na siku chozi la kwanza litakapomshuka huyo mtoto, usilifute. Mwite kwanza bibi yake aje alione.